Mamlaka ya kuisahihisha mashine: barua ya wazi kwa wanaosimamia huduma za afya

Kwa waheshimiwa mawaziri wenye dhamana ya afya, wakurugenzi wa hospitali, na wakuu wa mamlaka zinazosajili vifaa tiba,

Kwa heshima nawaandikia nikiwa muuguzi aliyefanya kazi wodini kwa miaka mingi, kwanza kwa faili za karatasi na baadaye kwa kompyuta. Siandiki kuipinga teknolojia. Nimeona faili likipotea asubuhi ya upasuaji, na nimeona mgonjwa akitolewa damu mara tatu kwa kipimo kilekile kwa sababu majibu yake hayakuonekana, na aliyeyaona hayo hawezi kuitamani tena enzi ya karatasi. Ninaandika kwa sababu mifumo ya kidijitali, na sasa akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, inaingia katika maamuzi ya tiba kabla hatujalijibu swali moja ambalo kwangu ndilo la kwanza: mashine inapokosea mbele ya mgonjwa, ni nani pale kando ya kitanda mwenye mamlaka ya kuisahihisha, na sahihisho lake linafika wapi?

Nianze na jambo nililolishuhudia mwenyewe. Mgonjwa mmoja aliandikishwa kwenye mfumo wetu kuwa ana mzio wa penisilini. Hakuwa nao. Aliwahi kutapika baada ya kumeza dawa nyingine kabisa, na aliyekuwa akijaza fomu kwa haraka alichagua mstari usio wake. Kuanzia siku hiyo kila aliyefungua jalada lake aliona alama nyekundu, kila barua ya rufaa iliyotoka kwenye mfumo iliibeba alama hiyo, na kila daktari aliyetaka kumwandikia dawa ya kundi hilo alizuiwa na kuelekezwa kwenye dawa nyingine. Mgonjwa alisema mara nyingi kwamba si kweli. Nilimwamini, kwa kuwa alinieleza alimeza dawa gani, lini, na nini kilimpata, lakini sikuwa na ruhusa ya kuugusa mstari ule. Mwenye ruhusa alikuwa msimamizi wa mfumo aliyekaa jengo lingine, naye alitaka barua ya daktari aliyeandika taarifa ya kwanza, ambaye alikwisha kuhama. Katika faili la karatasi ningeandika kwamba mgonjwa anaikana taarifa hii, ningeeleza sababu, ningetia saini na tarehe, na anayekuja baada yangu angeyasoma maandishi yote mawili akapima mwenyewe. Kwenye skrini palikuwa na neno moja tu, na neno hilo lilimshinda nguvu mgonjwa, muuguzi na daktari wa zamu kwa pamoja.

Kosa lile halikuletwa na akili unde. Lakini programu za akili unde hufundishwa kwa rekodi kama zile, maelfu kwa mamilioni, na kosa lililoganda kwenye jalada la mtu mmoja huingia katika mafunzo likiwa na hadhi sawa na ukweli. Kwa hiyo ninaposikia hospitali ikitangaza kwamba imenunua mfumo wa kutabiri, wa kusoma picha au wa kuandika maelezo ya daktari, huwa nauliza kwanza kama rekodi zilizoufundisha, na rekodi utakazozizalisha, zinaweza kusahihishwa na mtu anayemwona mgonjwa kwa macho yake.

Naomba mnivumilie nirudi nyuma kidogo, kwa sababu tulishafundishwa somo hili kwa gharama ya maisha ya watu. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iliyoitwa Therac-25, iliyotengenezwa na shirika la umma la Kanada, iliwapa wagonjwa 6 nchini Marekani na Kanada dozi zilizopita kiasi mno, na baadhi yao wakafa kutokana na majeraha hayo. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya umeme na vyuma ambavyo vingekata mionzi hata kama programu ingekosea. Katika hii, kazi hiyo iliachiwa programu peke yake. Mmoja wa wagonjwa wa kwanza, mwanamke mmoja huko Georgia, alisema palepale kwamba ameunguzwa, akaambiwa kwamba jambo hilo haliwezekani.

Mwezi Machi 1986, katika kituo cha saratani huko Tyler, Texas, mwendeshaji wa mashine aligundua kwamba amechapa herufi isiyo sahihi ya aina ya mionzi, akarudi juu na kuirekebisha kwa wepesi wa mtu aliyeizoea kazi yake. Skrini ilionyesha sahihisho lake, lakini mashine yenyewe ilikuwa haijalipokea ipasavyo. Ukatokea ujumbe wa hitilafu namba 54, bila maelezo ya maana. Ujumbe wa namna hiyo ulikuwa wa kawaida katika kazi yake ya kila siku, na mashine iliruhusu kuendelea kwa kubonyeza kitufe kimoja, naye akaendelea. Ndani ya chumba mgonjwa alihisi kama amepigwa na umeme. Wahandisi wa kampuni walipoulizwa walijibu kwamba mashine yao haiwezi kuzidisha dozi. Ikarudishwa kazini. Mwezi uliofuata mgonjwa mwingine akaumia mahali palepale, mikononi mwa mwendeshaji yuleyule. Ndipo mwanafizikia wa kituo na mwendeshaji huyo walipoiondoa mashine kazini, wakaketi mbele yake, wakachapa na kurekebisha, wakachapa tena na kurekebisha, mpaka hitilafu namba 54 ikawa inatokea wakati wanaoutaka wao. Walioligundua kosa ni waliokuwa wakiitumia, na waliligundua kwa sababu kituo chao kiliwaruhusu kuizima mashine na kuichunguza.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu nikiwa wodini bado naviona vipande vyake: mgonjwa anayesema jambo na kuambiwa kwamba mfumo hauonyeshi hivyo, ujumbe wa hitilafu usioeleweka unaotokea mara kwa mara mpaka watu wauzoee, na muuzaji aliye mbali anayeulizwa kuhusu kosa la bidhaa yake na kujibu kutoka kwenye kijitabu chake. Tofauti ni kwamba kosa la Therac-25 lilikuwa mahali fulani katika programu, mahali ambapo mtu angeweza kupaonyesha kwa kidole. Mfumo wa akili unde uliojifunza kutokana na data hauna mahali kama hapo. Unaweza kufanya kazi vizuri kabisa katika hospitali ulikotengenezwa na ukafanya vibaya katika hospitali ya jirani, bila herufi moja ya programu kubadilika, kwa sababu tu wagonjwa ni wengine, mashine za vipimo ni nyingine, na utaratibu wa kuandika kumbukumbu ni mwingine.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha matokeo ya kuupima, kwa wagonjwa wao wenyewe, mfumo wa kutabiri sepsisi uliokuwa tayari ukitumika katika mamia ya hospitali za Marekani. Sepsisi ni hali ambayo mwili, ukipambana na maambukizi, unaanza kuviumiza viungo vyake wenyewe, na kila saa ya kuchelewa ina uzito. Waliangalia wagonjwa 27,697. Mfumo uliwakosa takriban theluthi mbili ya waliopata sepsisi, na wakati huohuo ulitoa onyo kwa asilimia 18 ya waliolazwa wote. Naomba mjaribu kuziona namba hizo kutoka wodini. Karibu mgonjwa mmoja kati ya kila watano anatolewa onyo, muuguzi mwenye vitanda vingi anatakiwa kuliendea kila onyo, wengi wa anaowakuta hawana tatizo hilo, na wengi wenye tatizo lenyewe wamelala kimya bila onyo lolote. Baada ya wiki kadhaa mkono huanza kuizima kengele kabla jicho halijasoma, na huo si uzembe wa mtu mmoja. Michigan waliyajua haya kwa sababu walikuwa na watu, data na uhuru wa kuupima mfumo walioununua na kuyatangaza matokeo hadharani. Hospitali isiyo na vitu hivyo vitatu ingeendelea kuamini takwimu za muuzaji.

Sidai kwamba jicho la kando ya kitanda linaona kila kitu. Yapo makosa ambayo muuguzi hawezi kuyaona hata akikesha. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa programu iliyotumika Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu hiyo ilikadiria ukubwa wa ugonjwa wa mtu kwa kuangalia gharama za matibabu yake. Kwa kuwa wagonjwa weusi, kwa kiwango kilekile cha ugonjwa, matibabu yao yalikuwa yamegharimu fedha kidogo kuliko ya weupe, programu iliwahesabu kuwa na nafuu ambayo hawakuwa nayo. Watafiti walikokotoa kwamba kuuondoa upungufu huo kungepandisha idadi ya weusi miongoni mwa wanaochaguliwa kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Ukimchukua mgonjwa mmoja mmoja, hakuna uamuzi ulioonekana wa ajabu. Upotofu ulionekana pale tu mtu aliporuhusiwa kuyatazama maamuzi yote kwa pamoja na kuuliza programu ilikuwa ikikadiria nini hasa. Kwa hiyo mamlaka ninayoyaomba yana ngazi mbili: ya anayemgusa mgonjwa, na ya mchunguzi huru anayefunguliwa data yote. Moja bila nyingine haitoshi.

Wapo watakaosema kwamba vipimo vya kawaida, tofauti na akili unde, havina upendeleo. Kifaa kinachobana kidole kupima oksijeni kiko karibu kila wodi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika New England Journal of Medicine ulionyesha kwamba, kati ya wagonjwa ambao kifaa hicho kiliwasomea asilimia 92 hadi 96, damu yenyewe ilipopimwa ilikutwa na oksijeni ya chini ya asilimia 88 kwa asilimia 11.7 ya weusi na asilimia 3.6 ya weupe. Nimewahi kusimama mbele ya mgonjwa anayepumua kwa kuinua mabega, jasho likimtoka, huku kidole chake kikionyesha namba ya kuridhisha, nami nikamwita daktari kwa sababu ya mabega na si ya namba. Sasa mifumo mipya inaichukua namba ileile moja kwa moja kutoka kwenye kifaa na kuihesabia hatari ya mgonjwa, na mabega hayamo katika hesabu hiyo. Kama sina mahali pa kuandika nilichokiona kikahesabiwa sawasawa na kilichopimwa, basi ujuzi wangu umeondolewa kwenye tiba bila mtu yeyote kuamua kwamba uondolewe.

Mfano unaonigusa zaidi unatoka Thailand, pengine kwa sababu wauguzi ndio waliokuwa katikati yake. Google ilikuwa imetengeneza mfumo wa kusoma picha za ndani ya jicho na kutambua madhara ya kisukari kwenye retina, na katika majaribio ya maabara mfumo huo ulifanya kazi kwa kiwango cha wataalamu. Ulipopelekwa katika kliniki 11 za Thailand, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020, picha 1,838 zilipitishwa kwenye mfumo na asilimia 21 zikakataliwa kwa kutofikia ubora uliotakiwa. Vyumba vya kliniki havikuwa na giza la kutosha, na wauguzi walikuwa na watu wengi wa kuwahudumia kwa siku moja. Mtandao wa intaneti ulipokuwa wa polepole, foleni ilirefuka. Mgonjwa ambaye picha yake ilikataliwa alielekezwa kwenda kumwona mtaalamu mahali pengine siku nyingine, jambo lililomaanisha safari na siku ya kazi iliyopotea. Wauguzi walieleza kero yao kwamba baadhi ya picha zilizokataliwa wao wenyewe waliziona zikisomeka. Lakini mfumo ukishakataa, neno lao halikuwa na mahali pa kuingia.

Tazameni tofauti ndogo inavyobadilisha mambo. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2025 kutoka kliniki 15 za Nairobi, yaliyohusu mahudhurio 39,849, chombo cha akili unde kiliwekwa nyuma ya pazia la rekodi ya mgonjwa. Tabibu aliandika kama kawaida, nacho kikaonyesha rangi ya kijani, njano au nyekundu kulingana na kilichoona, na uamuzi ukabaki kwa tabibu. Makosa ya utambuzi wa ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13, ikilinganishwa na matabibu wasiokuwa nacho. Nataja pia, kwa haki, kwamba uchunguzi huo ulifanywa na wenye kliniki pamoja na kampuni iliyotengeneza akili unde hiyo, na kwamba haukuonyesha tofauti ya uhakika katika jinsi wagonjwa walivyopona. Kilichonivutia ni kwamba mafanikio yalikuja baada ya watu kutumwa kukaa na matabibu, kuwaeleza kwa nini rangi nyekundu imetokea, na kufuatilia ni maonyo gani yanaachwa. Chombo kilimsahihisha binadamu na binadamu akakisahihisha chombo, kwa kuwa njia ya kurudi ilikuwa wazi.

Mafanikio mengine yapo na si haki kuyanyamazia. Nchini Sweden, katika jaribio la wanawake 80,033 ambalo matokeo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 2023, madaktari wa picha waliosaidiwa na akili unde walibaini saratani za matiti 6.1 kwa kila wanawake 1,000, dhidi ya 5.1 kwa waliosomewa na madaktari wawili bila msaada huo, na kazi ya kusoma picha ikapungua kwa asilimia 44. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwaka 2021 matumizi ya programu za kusoma picha za eksirei za kifua katika kuwachuja watu wa miaka 15 na zaidi kwa ajili ya kifua kikuu, jambo lenye maana kubwa mahali ambapo mashine ya eksirei ipo lakini daktari wa kuisoma hayupo. Mwezi Juni mwaka huohuo shirika hilo lilitoa mwongozo wa maadili wenye kanuni 6, na kulinda uhuru wa binadamu wa kuamua ni mojawapo. Mwongozo huo ni mzuri, lakini sijawahi kuuona ukiwa umeandikwa katika orodha ya ruhusa za mtumiaji wa mfumo, na hapo ndipo uhuru wangu unapopimwa kila zamu.

Kuna mambo mawili mapya ambayo nahofia yataipunguza mamlaka hiyo hata pale ilipo. La kwanza ni programu zinazosikiliza mazungumzo ya daktari na mgonjwa na kuyaandika. Nazikaribisha, kwa sababu daktari anayeitazama kompyuta muda wote hamtazami mgonjwa. Lakini uchunguzi wa mwaka 2024 kuhusu Whisper, programu inayogeuza sauti kuwa maandishi, uliona kwamba takriban rekodi 1 kati ya 100 iliandikwa ikiwa na maneno ambayo hakuna aliyeyasema, na zaidi ya theluthi moja ya maneno hayo ya kubuni yalikuwa ya aina inayoweza kudhuru. Kubuni huko kuliongezeka pale penye ukimya mrefu katika mazungumzo. Waheshimiwa, wenye ukimya mrefu ni watu wangu: aliyepata kiharusi anayelitafuta neno, mzee anayekusanya pumzi, mama anayelia kabla ya kujibu. Kama sauti ya asili inafutwa mara tu maandishi yanapotoka, hakuna awezaye kuthibitisha kwamba jambo fulani halikusemwa. Naomba sheria idai kwamba chanzo, iwe sauti au picha, kihifadhiwe kwa ulinzi mkali kwa muda wa kutosha kuhakikiwa, na kwamba mgonjwa asomewe kilichoandikwa kwa niaba yake, kwa lugha anayoielewa, kabla hakijafungwa.

La pili ni ujuzi wenyewe kufifia. Mwaka 2025 ulichapishwa uchunguzi kutoka vituo 4 vya Poland kuhusu madaktari wanaochunguza utumbo mpana kwa kamera. Baada ya vituo hivyo kuanza kutumia akili unde, madaktari walipofanya uchunguzi bila msaada huo, sehemu ya wagonjwa waliokutwa na vinyama vinavyoweza kugeuka saratani ilishuka kutoka asilimia 28.4 hadi 22.4. Ni uchunguzi wa kuangalia tu, na sababu nyingine zinaweza kuwapo. Hata hivyo unatosha kunitia wasiwasi, kwa kuwa mtu aliyepoteza jicho la kuona hawezi kuisahihisha mashine, hata ukimpa ruhusa zote. Naomba kila hospitali itenge kwa makusudi zamu na mafunzo ya kufanya kazi bila msaada wa mashine, na ijaribu angalau mara chache kwa mwaka kuhudumia wagonjwa mifumo ikiwa imezimwa. Mwezi Mei 2017, shambulio la kimtandao la WannaCry liliathiri angalau taasisi 80 kati ya 236 za huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, na miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kufika 19,000 ikafutwa. Wodi inayojua kuandika, kuhesabu dozi na kukabidhiana zamu kwa karatasi inaipita siku kama hiyo kwa shida, lakini inaipita.

Najua jibu ambalo baadhi yenu mtakuwa nalo. Mtasema kwamba binadamu hukosea mara nyingi zaidi, na kwamba ukimpa kila muuguzi uwezo wa kuipuuza mashine atayapuuza hata maonyo ya kweli. Hoja hiyo ina uzito. Wauguzi na madaktari huchoka, hukariri, na wakati mwingine hujivuna. Ndiyo maana siombi uwezo wa kupuuza kimya kimya. Ninaomba kila anayekataa pendekezo la mfumo aandike sababu kwa maneno yake, jina lake libaki pale, na baadaye matokeo ya mgonjwa yalinganishwe na pendekezo lile. Nikikosea itaonekana na nitajifunza, na mfumo ukikosea itaonekana vilevile. Leo hakuna anayejua, kwa kuwa mifumo mingi niliyoitumia inanipa visanduku vya kuchagua, na sababu yangu haimo katika kisanduku chochote.

Pia naomba mliangalie suala la lawama kwa uaminifu. Muuzaji huandika katika mkataba kwamba bidhaa yake inatoa ushauri tu na kwamba uamuzi ni wa mtoa huduma. Hospitali nayo humwambia mtoa huduma afuate mfumo, na humuuliza maswali asipoufuata. Hivyo akiufuata ukakosea, kosa ni lake, na asipoufuata mgonjwa akadhurika, kosa ni lake pia. Haifai kuwajibika kuwekwe kwa mtu ambaye hakupewa uwezo wa kuubadilisha mfumo wala kuujua ulivyojifunza. Mamlaka za usajili ziwatake watengenezaji waeleze chombo kilifundishwa kwa wagonjwa wa aina gani, kilipimwa wapi, na kilishindwa kwa akina nani. Chombo kikisasishwa na tabia yake ikabadilika, kichukuliwe kuwa kifaa kinachohitaji kupimwa upya. Na kifungu chochote cha mkataba kinachomkataza mtumiaji kuyaeleza hadharani makosa aliyoyaona kihesabiwe kuwa batili.

Kuhusu siri za wagonjwa nitasema machache, kwa kuwa wengi wamelisemea. Mwaka 2020 wagonjwa wapatao 33,000 wa kituo cha tiba ya kisaikolojia cha Vastaamo nchini Finland walijikuta mambo waliyomwambia mtaalamu wao faraghani yako mikononi mwa mhalifu, na wengi wakatumiwa vitisho vya kudaiwa fedha mmoja mmoja. Rekodi ya aina hiyo ikishatoka hairudi. Kila mfumo mnaoununua uanze kwa kukusanya kidogo iwezekanavyo.

Narudi kwa mgonjwa wa alama nyekundu. Bado ana alama ile. Anatembea na karatasi iliyokunjwa mfukoni, yenye saini ya daktari, inayoeleza kwamba alichunguzwa na hana mzio wa penisilini, naye huitoa kila anapofika mahali papya, na mara nyingi anayeipokea huitazama, huitazama skrini, kisha huirudisha. Naomba sheria impe mgonjwa haki ya kuisoma rekodi yake na ya kuiweka kauli yake kando ya neno analolipinga, ionekane na kila anayelifungua jalada, na isafiri na jalada popote liendako, hadi mtu mwenye sifa atakapoamua na kutia saini. Kompyuta inaweza kulifanya hilo kwa wepesi kuliko karatasi ilivyowahi kulifanya. Kinachokosekana ni amri yenu.

Na kama kuna mkataba ulio mezani kwenu sasa hivi, naomba usitiwe saini kabla mtu mmoja wa zamu ya usiku hajaitwa, akakaa na mfumo huo kwa saa nzima, akajaribu kuingiza taarifa kwamba umekosea, na akaonyeshwa ni nani atakayeisoma taarifa hiyo na atamjibu lini.

Wenu katika utumishi,

Muuguzi wa wodi